Kuwasilisha utafiti kwenye kongamano: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa udaktari anayesafiri

Barua ya kukubaliwa ikifika, furahi, ni haki yako. Lakini saa imeshaanza kukimbia: kuna viza, nauli, ada ya usajili, bango la kuchapisha, ruhusa ya kukosa zamu, na msimamizi ambaye bado hajasoma toleo la mwisho. Mwongozo huu unaifuata safari nzima, tangu kabla ya kutuma ikisiri (muhtasari mfupi wa utafiti) hadi wiki za baada ya kurudi. Nitakaa zaidi kwenye ikisiri, bango na maswali ya wasikilizaji, kwa sababu ndipo utafiti wa mwanafunzi unapoaminika au kutiliwa shaka. Mizigo na mambo ya uwanja wa ndege nitayapitia kwa haraka.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Tuseme wewe na wenzako mmepitia mafaili 212 ya kina mama waliojifungua kwa upasuaji katika hospitali moja, mkakuta 19 kati yao walipata maambukizi kwenye kidonda kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Hesabu ni za kubuni, ila matatizo yake ni yale yale utakayokutana nayo kwenye utafiti wako, uwe wa moyo, wa macho au wa malaria.

1. Hakikisha utafiti una ruhusa ya kutoka nje

Kitu cha kwanza ni kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Makongamano mengi huuliza namba ya kibali kwenye fomu yenyewe ya kutuma ikisiri, na kibali hakiombwi baada ya data kukusanywa. Kama mradi wenu ulikuwa tathmini ya ndani ya huduma, yaani kupima wodi inafuata mwongozo wa matibabu kwa kiasi gani, huenda kamati ilisema hauhitaji kibali kamili. Sawa, lakini uwe na jibu hilo kwa maandishi.

Azimio la Helsinki, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, karibuni zaidi mwaka 2024, linamtaka mtafiti amlinde mshiriki. Linamtaka pia atangaze matokeo hata pale ambapo hayakuonyesha tofauti yoyote. Kwa hiyo usiufungie utafiti kabatini eti kwa sababu haukupata ulichotarajia. Wagonjwa walikwishatoa mchango wao.

Ripoti ya mgonjwa mmoja ina sharti lake: ridhaa ya maandishi ya mgonjwa mwenyewe, au ya mlezi wake, kwamba habari na picha zake zionyeshwe hadharani. Fomu ya kukubali upasuaji haibebi ridhaa hiyo. Kufuta jina nako hakutoshi ikiwa ugonjwa ni adimu, kwa maana mtu wa karibu atamtambua kwa umri, kazi na mwezi aliolazwa.

Kisha orodha ya waandishi. ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, imeweka masharti manne yanayokwenda pamoja: mtu awe amechangia kwa kiasi kikubwa kubuni utafiti, kukusanya data, kuichambua au kuifasiri, awe ameandika au kuhakiki maandishi kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi yote. Aliyekutafutia mafaili tu anatajwa kwenye shukrani. Mkubwa wa idara ambaye hajasoma hata mstari mmoja hatimizi masharti, hata kama wodi ni yake. Najua ilivyo vigumu kwa mwanafunzi kulisema hili. Njia ya heshima ni kumpelekea rasimu mapema na ujumbe mfupi: "Profesa, naomba uipitie rasimu hii na unielekeze panapohitaji marekebisho." Akiipitia kwa dhati, ameanza kutimiza masharti. Asipoipitia, hilo ni la msimamizi wako kulizungumza naye, usilibebe peke yako.

Kubalianeni pia mapema nani atakuwa mwandishi wa kwanza na nani atasimama kuwasilisha. Mazungumzo haya ni mepesi kabla ya ikisiri kukubaliwa. Baada ya hapo huwa machungu.

2. Chagua kongamano, uwakwepe matapeli

Muulize msimamizi wako yeye huhudhuria mkutano gani, na ni chama gani cha kitaaluma kinachouandaa. Mikutano mizuri huwa na historia: programu za miaka iliyopita zinapatikana, wajumbe wa kamati ya sayansi wanajulikana na wanalitaja kongamano hilo kwenye kurasa zao wenyewe, na ikisiri huchukua wiki au miezi kuhakikiwa.

Matapeli wana dalili zao. Barua pepe inakusifu kama "mtafiti mashuhuri" kabla hujachapisha chochote. Mada za mkutano mmoja zinachanganya upasuaji, kilimo na uhandisi. Ikisiri inakubaliwa siku moja baada ya kutumwa, na kinachofuata ni ankara. Kuna orodha ya maswali iitwayo Think. Check. Attend. iliyotengenezwa kumsaidia mtafiti kupima mkutano kabla ya kujisajili; itumie. Na ukibaki na mashaka, mwandikie mmoja wa wajumbe wa kamati kupitia anwani yake ya chuo umuulize kama kweli anahusika. Wengine hushangaa kusikia majina yao yametumika.

3. Andika ikisiri inayobeba ushahidi wote

Wahakiki husoma ikisiri nyingi kwa mkupuo mmoja, na kwa kawaida maneno yanayoruhusiwa ni 250 hadi 300. Hakuna nafasi ya utangulizi mrefu kuhusu ukubwa wa tatizo duniani. Sentensi mbili za usuli zinatosha: nini hakijulikani, na ninyi mlitaka kujua nini. Nafasi iliyobaki igawie mbinu na matokeo.

Tazama sentensi hii ya matokeo: "Maambukizi ya kidonda yalikuwa mengi miongoni mwa kina mama waliofanyiwa upasuaji." Mengi kiasi gani? Kati ya wangapi? Yalihesabiwa lini? Sasa ilinganishe na hii: "Kati ya kina mama 212, 19 (asilimia 9.0, mipaka ya uhakika wa asilimia 95: 5.8 hadi 13.6) walipata maambukizi ya kidonda kabla ya kuruhusiwa." Msomaji amepata idadi, asilimia, na kiasi ambacho kadirio lenu linaweza kuyumba. Ile mipaka ya 5.8 na 13.6 inamwambia pia kwamba sampuli yenu si kubwa. Mwache aione mwenyewe, maana kuificha hakuongezi wagonjwa.

Yaangalie tena maneno "kabla ya kuruhusiwa". Ni matatu tu, lakini ndiyo yanayoifanya ikisiri hii iwe ya kweli. Kwa tafsiri ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, maambukizi ya juu ya kidonda cha upasuaji, yaani ya ngozi na tishu iliyo chini yake tu, huhesabiwa hadi siku 30 baada ya upasuaji, na mama hukaa wodini siku chache tu. Waliougua wakiwa nyumbani hawamo kwenye mafaili yenu. Ukiandika "kiwango cha maambukizi ni asilimia 9" bila maneno hayo, umesema jambo ambalo data haikukwambia. Ukiyaweka hata kwenye kichwa, mhakiki anajua unaielewa kazi yako: "Maambukizi ya kidonda kabla ya kuruhusiwa miongoni mwa kina mama waliojifungua kwa upasuaji: mapitio ya mafaili 212."

Hitimisho libaki ndani ya matokeo. Mapitio ya mafaili ya nyuma yanaweza kuonyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja. Hayathibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Acha vitenzi kama "huzuia" na "husababisha" kwa majaribio yaliyogawa wagonjwa kwa kubahatisha. Na kamwe usitume ikisiri inayosema "matokeo yatajadiliwa kwenye mkutano". Kama uchambuzi haujakamilika, subiri mkutano unaofuata.

Kabla ya kutuma, pitia mwongozo wa uandishi unaolingana na aina ya utafiti wako: STROBE kwa tafiti za kuchunguza bila kuingilia, CONSORT kwa majaribio, PRISMA kwa mapitio ya kimfumo, CARE kwa ripoti za wagonjwa. Hakikisha kila mwandishi ameidhinisha kwa maandishi. Andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa sababu barua ya mwaliko itatolewa kwa jina hilo na ofisi ya viza italinganisha.

Ikikataliwa, soma maoni ya wahakiki kama yapo, rekebisha, tuma kwingine. Ikikubaliwa kama bango wakati uliomba kuzungumza jukwaani, usihuzunike. Kwa mwanafunzi naona bango lina faida kubwa zaidi: jukwaani unapata maswali mawili, kwenye bango unapata mazungumzo na watu wanaofanya kazi kama yako.

4. Fedha, ruhusa na viza, kwa kuhesabu kinyumenyume

Chukua tarehe ya kufungua mkutano, kisha rudi nyuma. Siku ya kuchapisha bango, siku ya kupata viza, siku ya miadi ubalozini, siku ya mwisho ya usajili wa bei nafuu, siku ya mwisho ya kuomba ruzuku. Utagundua ruzuku ndiyo ya kwanza kufungwa. Makongamano mengi yana ruzuku za safari kwa wanafunzi au kwa watafiti wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na mara nyingi maombi hutumwa siku ile ile ya ikisiri. Anayesubiri kukubaliwa ndipo aanze kutafuta fedha, huwa amechelewa.

Omba sehemu kadhaa kwa pamoja: ofisi ya utafiti ya chuo, idara, chama cha wanafunzi wa udaktari, chama cha kitaaluma cha fani yako, mradi wa msimamizi. Kila barua iwe na mambo manne tu: ikisiri iliyokubaliwa, bajeti yenye mchanganuo, kiasi unachoomba kwao, na kile ambacho kimeshapatikana kwingine. Uliza swali ambalo wengi hulisahau: je, fedha zinatolewa kabla ya safari au unarudishiwa baadaye? Ruzuku nyingi hurudisha fedha baada ya miezi, kwa hiyo unahitaji mtu au ofisi ya kukukopesha nauli. Andikia pia sekretarieti ya mkutano kuuliza kama kuna punguzo au msamaha wa ada kwa wanafunzi. Fahamu kwamba mwasilishaji asiyelipa ada kufikia tarehe iliyopangwa huondolewa kwenye programu, hata kama ikisiri yake ilisifiwa.

Ruhusa ya chuo iombe kwa barua mara tu tarehe zinapojulikana. Ukiwa kwenye mzunguko wa wodi, mwambie mkuu wa mzunguko mwenyewe, ana kwa ana, na uende ukiwa na pendekezo la jinsi utakavyofidia zamu. Kama kuna mtihani wiki hiyo, litatue hilo kabla ya kununua tiketi.

Viza ndiyo inayovunja safari nyingi. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika siku 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Kwa Marekani, anayekwenda kuwasilisha kwenye mkutano wa kisayansi huomba kwa kawaida viza ya B-1 (ya ziara fupi ya kikazi), anajaza fomu ya mtandaoni iitwayo DS-160 na kusubiri usaili, na foleni ya usaili katika baadhi ya balozi huwa ya miezi. Nchi nyingine nyingi hudai pasipoti yenye uhai wa miezi 6. Kwa hiyo ipeleke ikahuishwe sasa, hata kabla ikisiri haijajibiwa.

Kwenye usaili utaulizwa mambo ya kawaida: unakwenda kufanya nini, nani analipa, utarudi lini. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Beba barua ya chuo inayoonyesha wewe ni mwanafunzi na masomo yanaendelea tarehe fulani, barua ya mwaliko, ikisiri, na uthibitisho wa fedha. Na uwe umeuliza sekretarieti mapema: viza ikikataliwa, je, mwandishi mwenza anaweza kuwasilisha kwa niaba yangu, au naweza kutuma video? Ukiwa na jibu hilo mkononi, kazi yenu haitapotea.

5. Tengeneza bango la kusomwa na mtu anayepita

Soma kwanza maelekezo ya vipimo. Ukubwa unaotumika sana ni A0, yaani milimita 841 kwa 1189, lakini kuna mikutano yenye ubao mpana na mingine mrefu. Bango la kulala halikai kwenye ubao wa kusimama.

Mtu anayepita ana sekunde chache. Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia nchini Marekani, alieneza mtindo wa bango lenye sentensi moja kubwa katikati inayosema matokeo kwa lugha nyepesi, na maelezo mengine pembeni. Si lazima uufuate mtindo huo wote, na baadhi ya wasimamizi hawaupendi. Lakini wazo lake lina nguvu: matokeo makuu yasomeke kabla mtu hajasimama. Kwa mfano wetu, sentensi hiyo ingekuwa: "Kina mama 19 kati ya 212 waliugua kidonda kabla ya kwenda nyumbani, baada ya hapo hatukuwafuatilia."

Herufi za kichwa ziwe pointi 90 au zaidi, za maelezo zisipungue 28. Kipimo rahisi ni hiki: chapisha bango zima kwenye karatasi ya A4. Urefu na upana wa A4 ni robo ya ule wa A0, kwa hiyo herufi za pointi 32 zitakuwa za pointi 8. Shika karatasi kwa mkono ulionyooshwa. Ukisoma kila kitu bila kukunja uso, bango litasomeka ukumbini. Usiposoma, usipunguze maandishi kwa ukubwa, yapunguze kwa wingi. Kinachopaswa kuondoka kwanza ni utangulizi, kisha orodha ndefu ya rejea.

Jedwali la safu kumi libadilishe kuwa mchoro mmoja. Usitofautishe makundi kwa rangi nyekundu na kijani pekee, maana takriban mwanamume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya Kaskazini ana shida ya kutofautisha rangi, na hizo ndizo humchanganya zaidi. Tumia bluu na rangi ya chungwa, au weka alama tofauti. Ukiweka msimbo wa QR, uujaribu kwa simu mbili, na kiungo chake kiwe cha kudumu.

Bango la kitambaa hukunjwa ndani ya begi na halihitaji mrija. La karatasi huonekana kali zaidi, ila mashirika mengine ya ndege huhesabu mrija kama mzigo wa mkononi. Kwa vyovyote, beba faili la PDF kwenye flashi na ulitume kwenye barua pepe yako, ili bango likipotea uchapishe jingine huko huko.

6. Angalia kile ambacho faili lako linaficha

Sehemu hii naiwekea mkazo kwa sababu madhara yake humfika mgonjwa. Ukinakili mchoro kutoka Excel na kuubandika kwenye PowerPoint, kuna namna ya kubandika inayopachika kitabu kizima cha kazi ndani ya slaidi. Anayepokea faili hilo anabofya mchoro, anachagua kuhariri data, na mbele yake unafunguka ukurasa wenye namba za mafaili, umri na tarehe za kulazwa za kina mama wote 212. Wewe unaona nguzo mbili za bluu. Yeye anaona wodi nzima.

Picha nazo ni vivyo hivyo. Ukikata kipande cha picha ya eksirei chenye jina, PowerPoint huendelea kukihifadhi kipande hicho, na mtu anaweza kukirudisha. Dawa ni kuhifadhi mchoro kama picha tupu kabla ya kuubandika, kukata na kufuta jina kwa programu ya picha nje ya slaidi, na kuchagua amri ya kufuta kabisa sehemu zilizokatwa. Kisha washirikishe watu PDF, kamwe usitoe faili la kuharirika. Data yenyewe ibaki nyumbani. Hakuna sababu ya kusafiri na orodha ya wagonjwa kwenye kompyuta mpakato.

7. Fanya mazoezi ya kusema kwa sauti

Andaa maelezo ya aina mbili. La kwanza ni la dakika mbili kwa anayesimama mbele ya bango: tulitaka kujua nini, tulifanyaje, tulipata nini, kina maana gani. La pili ni la nusu dakika kwa anayeonekana ana haraka. Yaseme kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajui utafiti wako, ikiwezekana mtu asiye daktari. Atakapokukatiza kuuliza "kuruhusiwa maana yake nini hapo?", umepata sehemu ya kurekebisha.

Kama utazungumza jukwaani, muda hutolewa kwa ukali: mara nyingi dakika 7 hadi 10, kisha maswali. Kadiria slaidi moja kwa dakika. Jipime kwa saa, na uhakikishe unamaliza kabla ya muda, kwa sababu siku yenyewe kipaza sauti na kubadilisha mwasilishaji hula sekunde. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zikariri neno kwa neno. Katikati ongea ukiangalia mchoro. Ukiwasilisha kwa lugha ambayo si yako ya kwanza, tumia sentensi fupi na uandike namba zote kubwa kwenye slaidi, ili anayepotea kwenye lafudhi yako azipate kwa macho.

8. Jiandae kwa maswali magumu

Kaa na msimamizi na wenzako, mwandike maswali yote mnayoyaogopa. Kwa mfano wetu, la kwanza liko wazi: "Mliwafuatilia kina mama baada ya kuruhusiwa?" Jibu baya ni kujitetea kwamba hospitali nyingi hazifanyi hivyo. Jibu zuri ni hili: "Hapana. Kiwango halisi cha siku 30 bila shaka kiko juu ya tulichokipata, ndiyo maana tumeandika kabla ya kuruhusiwa hadi kwenye kichwa. Hatua inayofuata tunayoipanga ni kuwapigia simu." Umejibu, umeonyesha mwelekeo wa upungufu, na umeonyesha mnachokusudia kufanya.

Maswali mengine huja karibu kila mkutano. Mafaili mangapi hayakupatikana, na je, yaliyopotea yalifanana na yaliyopatikana? Nani aliamua kwamba hiki ni kidonda chenye maambukizi, na kwa vigezo gani? Kwa nini hamkutenganisha upasuaji wa dharura na uliopangwa? Jua majibu ya haya kwa namba. Kama huna jibu, "hatukulichunguza hilo, ahsante, nitaliandika" ni jibu kamili la kitaaluma. Liandike kweli, mbele yake. Usibuni takwimu kwa hofu. Namba ya kubuni inayosemwa hadharani huweza kumfuata mtu kwa miaka.

Wapo wanaouliza ili waonekane wao. Washukuru, jibu kwa kifupi, na pendekeza mzungumze baada ya kikao. Mwenyekiti wa kikao atakusaidia.

9. Safari na siku za mkutano

Kompyuta, pawabenki, flashi, nyaraka na nguo ya kuwasilishia viwe kwenye begi la mkononi. Pawabenki hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini, na bila idhini maalumu isizidi Wh (wati-saa) 100. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, kwa hiyo inapita. Nchi ikidai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kumbuka kinaanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Fika siku moja kabla ya zamu yako ukiweza, hasa ukivuka saa nyingi za tofauti. Hifadhi kila risiti na kipande cha tiketi ya kupandia ndege.

Siku ya kwanza nenda ukione chumba, uangalie namba ya ubao wako, na upakie slaidi kwenye chumba cha wasemaji mapema. Zifungue kwenye kompyuta yao uangalie kama fonti na video zimekaa sawa. Wakati wa bango simama pembeni yake, usilizibe, na usiangalie simu. Mtu akisoma, mpe sekunde kadhaa kisha uliza: "Nikueleze kwa dakika mbili?" Muulize pia yeye anafanya kazi gani, kwa kuwa swali hilo ndilo huleta washirika wa utafiti. Andika jina lake na mlichozungumza hapo hapo, nyuma ya kadi yake au kwenye daftari.

Chagua vikao vichache vya kuhudhuria na uvihudhurie kikamilifu. Mtafiti unayemheshimu umwandikie kabla ya mkutano, mistari mitatu, ukimwalika kwenye bango lako na kutaja saa. Wengi hufika.

10. Ukirudi

Ndani ya wiki moja watumie ujumbe wote uliozungumza nao, na PDF kwa walioiomba. Peleka risiti na ripoti kwa mfadhili kabla ya tarehe yake. Kwenye wasifu wako andika uwasilishaji huu chini ya makongamano, usiuchanganye na makala zilizochapishwa.

Kisha makala yenyewe. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikuta takriban 37 tu kati ya kila ikisiri 100 za mikutano ndizo huishia kuchapishwa kikamilifu. Kwa kanuni za ICMJE, kuwasilisha kwenye mkutano hakukuzuii kuchapisha jaridani, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuanza sasa. Nashauri uwe na rasimu ya mbinu na matokeo kabla ya kupanda ndege, halafu maswali uliyoyaandika ukumbini uyageuze kuwa aya za sehemu ya mjadala. Panga na waandishi wenza tarehe ya kutuma mkiwa bado na moto wa safari.

Na uombe dakika kumi kwenye mkutano wa asubuhi wa idara mlikotoa mafaili. Waonyeshe wauguzi na madaktari wa wodi matokeo yale yale uliyoyapeleka mbali, pamoja na maswali uliyoulizwa. Wao ndio watakaokwambia ni nani atawapigia simu kina mama wale siku ya 30, na namba zao zimeandikwa wapi.